Oili ya injini ikipanda joto: pima kwanza, fungua baadaye

Mtaa wa Mayfair, magharibi mwa katikati ya jiji la Johannesburg, ni makazi ya Wasomali na watu wengine wengi kutoka Afrika Mashariki. Kama ilivyo kote jijini humo, magari ya kasi nayo yana wapenzi wake.

Tuchukue mfano wa BMW M3 aina ya E46, iliyoanza kuuzwa mwaka 2000. Gari hilo lina geji ya joto la oili kwenye dashibodi. Mshale unapopanda, mwenye gari hukosa raha.

Ana haki. Oili ikipata joto kupita kiasi huwa nyepesi mno, presha hushuka na beringi huanza kulika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, BMW yenyewe ilibadilisha beringi za konrodi katika baadhi ya magari hayo. Hata hivyo, kufungua injini kabla ya kupima ni hasara nyingine.

Kwa kawaida oili ya sintetiki hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 90 na 120 za Selsiasi. Ikikaa juu ya 130 kwa muda katika safari ya kawaida, kuna jambo.

Johannesburg ina mazingira yake. Jiji liko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam. Rejeta na kipozea oili hupata hewa pungufu ya kuondoa joto. Maji nayo huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, kwa hiyo kifuniko kisichoshika presha huleta balaa mapema.

Je, geji inasema kweli?

Tunashauri kuanza asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Kabla ya kuwasha injini, fundi aunganishe kompyuta. Joto la oili, la maji na la hewa inayoingia yanapaswa kukaribiana. Moja likitofautiana sana na mengine, mshukiwa wa kwanza ni sensa.

Aidha, usiuamini sana mshale wa maji. Katika BMW nyingi za kizazi hicho hubaki katikati hata joto linapobadilika kwa nyuzi nyingi. Namba za kompyuta ndizo za kutazama.

Joto linapanda wapi?

Likipanda kwenye foleni tu, angalia feni. Likipanda kwenye uwanja wa mbio kama Kyalami, huenda ni kazi nzito tu, na dereva apunguze mwendo mzunguko mmoja. Likipanda barabara kuu kwa mwendo wa kawaida, kuna hitilafu.

Maji na oili vikipanda pamoja, kagua rejeta, thamostati, pampu ya maji na kifuniko, injini ikiwa imepoa. Oili ikipanda peke yake, pima kiwango chake na hakikisha ni aina sahihi. M3 hiyo ilipangiwa 10W-60. Kuweka oili nzito kuliko inayotakiwa si tiba, kwa sababu huongeza msuguano, na msuguano ni joto.

Kisha tazama kipozea oili mbele ya gari, kama kimezibwa na vumbi na wadudu. Kikiwa baridi wakati oili inaungua, oili haikifikii.

Mwisho, mwaga oili na upasue filta. Chembe za chuma zinazong'aa ni dalili ya beringi kulika. Hapo sasa injini ifunguliwe.

Mshale ukipanda ukiwa njiani, punguza mwendo na uiache injini ipoe taratibu. Lakini taa ya presha ya oili ikiwaka, egesha mahali salama na uizime papo hapo.