Picha Hupita, Mwili Hubaki

Katika masomo yetu ya afya tunasema mara nyingi juu ya malaria, minyoo na maji machafu. Leo tunasema juu ya madhara mengine, yanayoingia nyumbani kwa njia ya simu.

Siku hizi wako vijana wengi ambao kazi yao ni kujionyesha. Wanajipiga picha na video, wanazituma katika TikTok, Instagram au Facebook, na maelfu ya watu wanawatazama. Wale wanaofuatwa na wengi hulipwa franga na wenye biashara, ili wasifu nguo, vinywaji au mafuta ya ngozi. Kazi hii si mbaya yenyewe. Mtu anaweza kufundisha wengine kushona au kulima kwa njia iyo hiyo. Lakini tunauliza: mwili wa mtu anayeishi hivi kwa miaka mitano au kumi unapata nini?

Tuseme binti wa miaka 22 amefika hospitali. Anaumwa kichwa na shingo, tena amechoka kila siku. Mama muuguzi anamwuliza:

"Binti yangu, unalala saa ngapi?"

"Mama, saa nane ya usiku, pengine saa tisa. Watu wangu wanatazama usiku."

"Na asubuhi unakula nini?"

"Sili, mama. Nikila, tumbo linaonekana katika picha."

"Na mbona uso wako ni mweupe, lakini vifundo vya vidole ni vyeusi?"

Binti ananyamaza.

Katika majibu haya, na katika kunyamaza kule, tunapata mafundisho manne.

1. USINGIZI. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi za usingizi kila usiku. Giza likiingia, ubongo hutoa melatonini, inayouambia mwili kwamba saa ya kulala imefika. Nuru ya simu na ya taa za kupigia picha huichelewesha. Tena moyo hautulii wakati mtu anangoja kuona wangapi wamempenda. Usiku mmoja si kitu. Lakini mtu akikosa usingizi miaka mingi, hatari ya tansio ya damu, ya ugonjwa wa sukari, ya unene na ya ugonjwa wa moyo inaongezeka. Nguvu ya mwili ya kushindana na magonjwa nayo inapungua.

2. SHINGO, MACHO NA MIKONO. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi. Kikiwa wima, shingo inakichukua bila taabu. Mwaka 2014 munganga mmoja wa mifupa katika Marekani, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu kwamba kichwa kikiinama sana kutazama simu, mzigo juu ya shingo unaweza kufika kilo 27. Ni kama kuchukua mtoto wa miaka minane shingoni. Tena macho yanayokazia kioo cha simu hayapepesi kama kawaida, kwa hiyo yanakauka na kuwasha. Na kidole gumba kinachosukuma kioo mchana kutwa kinaweza kuvimba mishipa yake na kuumiza kifundo cha mkono.

3. CHAKULA. Mwaka 2015 msichana wa Australia wa miaka 18, Essena O'Neill, aliyefuatwa na zaidi ya watu 500,000, aliacha kazi hii mbele ya wote. Alieleza kwamba kwa picha moja ya tumbo lake alijipiga picha zaidi ya mia, na siku ile karibu hakula kitu. Msichana anayejinyima chakula hivi hupungukiwa na damu. Hedhi yake inaweza kukatika, na mifupa yake inakosa nguvu katika miaka ile ile inayopaswa kujengwa. Wengine wanafanya kinyume: wanakula sinia kubwa mbele ya watazamaji ili walipwe. Desturi hii ilitoka Korea ya Kusini, na mwaka 2021 serikali ya China ilikataza kwa sheria kuonyesha ulaji wa namna hii. Ulafi unaorudiwa huleta unene, ugonjwa wa sukari na tansio.

4. NGOZI. Hapa hatari ni kubwa kwetu, maana mafuta ya kujichubua yanauzwa sokoni, na wengi wanayanunua kwa sababu wameona uso mweupe katika simu. Ndani ya baadhi yao mna zebaki, ambayo huharibu figo na mishipa ya fahamu. Mwanamke mwenye mimba humpitishia mtoto tumboni. Mengine yana hidrokinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu huleta madoa meusi yasiyotoka. Mengine yana dawa kali kama klobetasoli, inayofanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi. Siku ya kupasuliwa, kidonda cha ngozi kama hiyo ni vigumu kushonwa na kupona. Dawa hiyo ikiingia mwilini sana, huleta pia tansio na ugonjwa wa sukari. Mwaka 2013 mataifa yalipatana huko Japani juu ya Mkataba wa Minamata ili kupunguza zebaki, na mwaka 2023 yakakata shauri kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikomeshwe kufika mwaka 2025. Lakini mkataba hauzuii mkono wa mtu anayeuza kwa siri. Wewe mwenyewe uangalie.

Yanayofaa kufanya:

– Zima simu saa moja kabla ya kulala, na uiweke mbali na kitanda.
– Inua simu mbele ya macho. Kila nusu saa simama, utembee, utazame mbali.
– Fanya kazi ya mwili au tembea kwa haraka dakika 150 au zaidi kila juma.
– Kula asubuhi. Bugali, maharagi, sombe na ndagala hujenga damu na mifupa.
– Usinunue mafuta yasiyoandikwa yaliyomo ndani. Kama umetumia mafuta ya kujichubua siku nyingi, usifiche. Njoo kwa munganga na uyalete mkononi, kwa maana kuyaacha ghafula kunaweza kuleta uvimbe na kuwaka kwa ngozi. Yeye atakuonyesha njia.

Wazazi, msiwatukane watoto wenu kwa mambo haya. Waulizeni kwa upole, kama yule mama muuguzi alivyouliza. Binti yule alinyamaza kwa sababu ya haya, lakini alifika hospitali, na hiyo ni mwanzo wa kupona.

Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorinto kwamba mwili ni hekalu. Hekalu halijengwi kwa kutazamwa tu. Picha ya leo kesho imesahauliwa na wote waliyoipenda, lakini figo, macho na mifupa utakaa nayo mpaka uzeeni.

Maswali ya kuzungumza pamoja:
1. Mtu mzima anahitaji saa ngapi za usingizi?
2. Zebaki huharibu nini mwilini?
3. Utamwambia nini rafiki anayeficha mafuta ya kujichubua?