Kupepesuka Si Ulevi

Mtu apepesukapo njiani asubuhi, ulimi mzito, mikono ikitetemeka, wapita njia humhukumu upesi: amelewa, au amepandwa na pepo. Ni wachache wanaouliza kama baba yake au bibi yake naye alikwenda mwendo huo huo.

Yako maradhi ya namna hiyo, nayo huitwa ataksia ya kurithi. Hudhoofisha sehemu ya nyuma ya ubongo inayolinganisha mwendo wa viungo. Ni maradhi adimu. Lakini katika mkoa wa Holguín, mashariki ya kisiwa cha Cuba, aina yake ya pili imeenea katika koo nyingi kuliko mahali pengine popote panapojulikana.

Wacuba hawakuliachia jambo hilo uvumi. Mwaka 1996 jeni inayosababisha aina hiyo iligunduliwa, na mwaka 2000 kituo maalumu cha utafiti na tiba kilifunguliwa mjini Holguín, kikiongozwa na Dakta Luis Velázquez Pérez. Wagonjwa waliandikishwa ukoo kwa ukoo. Kila mtoto wa mgonjwa, mume au mke, ana nusu ya uwezekano wa kurithi. Basi apendaye hupimwa kwa hiari, baada ya kupewa ushauri.

Dawa ya kuponya aina hiyo haijapatikana. Hata hivyo, utafiti wa huko uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wagonjwa waliofanya mazoezi ya viungo kwa wiki 24 walipata nafuu ya mwendo na usawa wa mwili. Mazoezi hayangoji dawa mpya. Yahitaji mtaalamu na subira.

Sisi wa Visiwani tumetibiwa na madaktari wa Cuba kwa miaka mingi. Si vibaya tukajifunza na hili kwao. Tunawaomba wakuu wa afya waweke daftari la siri la wagonjwa wa namna hii, Unguja na Pemba. Watumishi wa vituo wafundishwe kuuliza habari za ukoo. Na mazoezi yafike mashamba.

Nasi wananchi tunao wajibu wetu. Wazazi wengi huficha wakihofia posa za watoto wao. Lakini kuficha hakumwondolei mtoto urithi wake. Humnyima tu nafasi ya kujua na kujiandaa. Wahenga walikwisha kutuasa: mficha maradhi, kifo humwumbua.