Zamrock: Roki ya Zambia iliyovuma, ikazima, ikarudi

Katikati ya miaka ya 1970, Rais Kenneth Kaunda wa Zambia aliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Wazambia wenyewe. Nyimbo za Wamarekani, Waingereza na wengine wote zigawane asilimia tano iliyobaki. Mjadala kuhusu redio ipige muziki wa nani haujaisha mpaka leo katika nchi zetu, kwa hiyo inafaa tuangalie kilichotokea kwa majirani zetu hao.

Vijana wa Zambia walikuwa tayari wanapiga roki. Si roki ya kuiga tu, bali muziki wenye magitaa ya umeme yanayokwaruza kama msumeno, ngoma za nyumbani chini yake, na maneno ya Kiingereza, Kibemba na Kinyanja. Mtangazaji wa redio Manasseh Phiri ndiye anayetajwa kuwa aliupa jina la Zamrock, yaani roki ya Zambia, na jina likakaa.

Kwa nini Zambia, na si kwingineko? Jibu kubwa ni shaba. Nchi ilipata uhuru mwaka 1964 ikiwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa shaba duniani, na zaidi ya asilimia 90 ya fedha za kigeni zilitokana na madini hayo. Miji ya migodi kama Kitwe, Chingola, Mufulira na Luanshya ilikuwa na umeme, mishahara ya kila mwezi, na kumbi za burudani zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi. Santuri za Rolling Stones, Jimi Hendrix na James Brown zilifika huko mapema. Kijana ambaye baba yake alishuka mgodini aliweza kusikia gitaa la Hendrix, kisha Jumamosi akaenda kwenye ukumbi kumsikiliza jirani yake akijaribu kulipiga vilevile.

Bendi iliyojulikana kuliko zote iliitwa WITCH. Kwa Kiingereza neno hilo ni mchawi, ila wenyewe walisema ni kifupi cha maneno yenye maana ya "tunakusudia kuleta vurugu". Mwimbaji wao, Emanyeo Chanda, alipewa jina la Jagari kutokana na Mick Jagger wa Rolling Stones, likageuzwa mpaka likasikika la Kiafrika. Walirekodi albamu yao ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakaiita Introduction, yaani utangulizi. Palikuwa pia na Amanaz, Rikki Ililonga na bendi ya Musi-O-Tunya, jina linalotokana na lile la maporomoko makubwa ya mto Zambezi: moshi unaonguruma. Msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kuutambua huo "moshi".

Kisha Paul Ngozi. Neno ngozi kwa Kinyanja ni hatari au ajali, si hii ya mwilini, na jamaa alilitendea haki jina lake kwa kupiga gitaa kwa meno jukwaani. Wengine waliimba zaidi kwa Kiingereza, lakini yeye alitumia sana Kinyanja cha mitaani, akizungumzia mambo ya nyumba na majirani. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo sababu aliendelea kupendwa na watu wa kawaida hata roki ilipopitwa na wakati.

Turudi kwenye amri ya Kaunda. Mara nyingi husimuliwa kana kwamba amri hiyo ndiyo iliyozaa Zamrock. Sivyo. WITCH na wenzao walikuwa jukwaani kabla yake. Kilichofanywa na amri ni kufungua mlango wa redio: watangazaji walilazimika kutafuta nyimbo za nyumbani za kujaza saa nzima, na bendi zikapata sababu ya kurekodi. Lakini asilimia haijengi studio. Vifaa vizuri vya kurekodia vilikuwa haba, na bendi kadhaa zilisafiri mpaka Nairobi, ambako kulikuwa na studio na viwanda vya kuchapa santuri. Musi-O-Tunya ni miongoni mwa waliorekodi huko. Kwa hiyo sehemu ya roki hii ya Zambia ilipita Kenya kabla ya kurudi kwa wenyewe.

Kuanguka kwake hakukusababishwa na muziki. Bei ya shaba duniani iliporomoka kuanzia mwaka 1974, wakati huohuo mafuta yakiwa yamepanda. Mpaka wa kusini na Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, ulikuwa umefungwa tangu mwaka 1973, na reli ya TAZARA ya kupeleka shaba Dar es Salaam ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976. Mchimbaji aliyepunguziwa kipato hanunui santuri. Zambia ilikuwa pia imewapa hifadhi wapigania uhuru wa nchi jirani, na majeshi ya Rhodesia yakavuka mpaka kuwashambulia. Alick Nkhata, mwanamuziki na mtangazaji mkongwe wa Zambia, aliuawa katika shambulio la aina hiyo mwaka 1978. Kukawa na amri za kutotoka nje usiku. Bendi zikalazimika kupiga mchana na kumaliza kabla ya giza, na roki ya saa nane mchana, watu wakiwa macho makavu, si ile ya usiku.

Halafu zikaja disko, kanda za kunakili ovyo, na kalindula, muziki uliochukua jina la chombo cha besi cha kienyeji. Ukimwi ulipoingia miaka ya 1980 ulikuta wanamuziki wakiwa wamebaki bila kipato, na ukaondoka na wengi wao. Katika kikosi kile maarufu cha WITCH cha watu watano, aliyebaki hai ni Jagari peke yake. Yeye alikuwa ameshaacha bendi akaenda kufundisha muziki chuoni Lusaka, na baadaye akajiingiza katika uchimbaji wa vito.

Kwa miaka mingi santuri za Zamrock zilikaa kwenye makabati ya watu, nyingine zikitupwa. Waliozitafuta tena walikuwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. Kuanzia karibu mwaka 2010, kampuni ya Now-Again ya Marekani ilianza kuzitoa upya. Baadhi ya kanda asilia zilikuwa zimeshapotea, ndiyo maana ukisikiliza kwa makini unaweza kusikia mikwaruzo ya santuri ya zamani ndani ya nakala mpya. Jagari aliitwa tena jukwaani akiwa mzee, akazunguka Ulaya na Marekani, na mwaka 2023 WITCH wakatoa albamu mpya, Zango, akiwa na vijana wa mataifa mengine nyuma yake.

Ukitaka kuonja muziki huu kwenye simu yako, andika Zamrock mahali pa kutafutia, anza na WITCH, kisha Amanaz, kisha Paul Ngozi. Vaa spika za masikioni kama unazo, maana spika ndogo ya simu humeza besi, na nusu ya raha iko hapo. Huenda sauti ya Ngozi umeshaisikia bila kujua. Mwaka 2024 rapa wa Marekani Tyler, the Creator alichukua kipande cha wimbo wake wa miaka ya 1970, Nizakupanga Ngozi, akakiweka ndani ya wimbo wake Noid, na Kinyanja kile kikasikika dunia nzima. Paul Ngozi alifariki mwaka 1989.