Ambulensi Bila Ujuzi Ni Gari Tu

Kaunti inaponunua ambulensi mpya, watu hualikwa. Magari hupangwa foleni mbele ya ofisi, ving'ora hulizwa, funguo hukabidhiwa kamera zikiwa tayari. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza nani atakaa nyuma ya gari hilo na mgonjwa, amesomea nini, na atafanya nini kuanzia pale ajali ilipotokea hadi mlango wa hospitali. Nashikilia kwamba swali hilo lina uzito zaidi kuliko idadi ya magari, na kwamba ukanda wa kutoka Ruiru hadi Thika, katika kaunti ya Kiambu, unaonyesha sababu yake waziwazi.

Ukanda huu hauko mbali na hospitali. Thika kuna hospitali ya Level 5, Ruiru ina hospitali yake, na ukielekea Nairobi unaikuta hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Barabara kuu ya Thika nayo ipo: ilipanuliwa na kufunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012. Lakini barabara hiyohiyo inayomfikisha mgonjwa hospitalini ndiyo inayozalisha majeruhi. Magari hukimbia, watembea kwa miguu huruka vizuizi badala ya kupanda daraja, na boda boda hupita upande usio wao ili kukwepa safari ndefu ya kwenda kugeukia mbali. Takwimu za NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, za miaka ya karibuni zinaonyesha zaidi ya watu 4,000 wakifa barabarani kila mwaka nchini, na kundi kubwa zaidi ni la watembea kwa miguu. Ongeza viwanda vya Thika vyenye mashine zinazoweza kunasa mkono, machimbo ya mawe ya upande wa Juja, na akina mama wanaoshikwa na uchungu usiku wa manane katika mitaa ya Kiandutu au Kimbo, wakati usafiri unaopatikana ni pikipiki. Mahali kama hapa, umbali si adui mkubwa. Kinachoamua mambo ni kile kinachofanywa, au kisichofanywa, katika dakika chache kabla ya mgonjwa kufikishwa.

Somo la kwanza la mhudumu wa ambulensi halihusu mgonjwa hata kidogo. Anafundishwa kusimama na kuangalia kabla ya kusogea. Nchi hii imeshuhudia tena na tena mtu akizirai ndani ya kisima au shimo la choo kwa kukosa hewa safi, jirani akateremka kumwokoa, naye asitoke, kisha wa tatu akafuata. Msimu wa baridi wa Julai, jiko la makaa huingizwa ndani ya chumba kilichofungwa. Gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na anayekuja kusaidia anapaswa kuupitisha upepo kwanza na kumvuta mgonjwa nje, si kuinama humo ndani kumpepea. Januari 2009, kule Sachangwan karibu na Molo, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Malori kama hayo hupita Ruiru na Thika kila siku. Mwanafunzi anayeona somo hili ni la woga hajalielewa, kwani mwokoaji akianguka, idadi ya wagonjwa imeongezeka na idadi ya wasaidizi imepungua kwa wakati mmoja.

Baada ya hapo ndipo unakuja msingi wenyewe, nao ni mpangilio. Majeraha hayaui ovyo. Kuna mambo yanayoua kwa dakika, mengine kwa saa, mengine kwa siku, na mhudumu huyatafuta kwa mfuatano huo. Damu inayoruka kutoka kwenye mshipa hubanwa mara moja. Kisha njia ya hewa: je, iko wazi? Kisha kupumua, kisha mzunguko wa damu, kisha fahamu, na mwisho mwili mzima hufunuliwa na kukaguliwa, huku mgonjwa akikingwa na baridi. Mpangilio huu unapingana na hisia za kawaida. Kwenye ajali ya matatu, umati humkimbilia anayepiga kelele, mwenye mguu uliovunjika na mfupa unaoonekana. Lakini anayepiga kelele ana hewa ya kupigia kelele. Wa kuangaliwa kwanza huenda ni yule aliyelala kimya pembeni, ambaye ulimi na damu vinamziba koo, na ambaye angeweza kuishi kama mtu angelisukuma taya lake mbele kwa vidole au kumgeuza ubavu huku akiishikilia shingo yake isipinde. Kazi hiyo haihitaji mashine. Inahitaji mtu anayejua pa kuanzia.

Kuna jambo jingine ambalo macho matupu hayalioni, na ndilo hasa linalomtofautisha aliyesoma na mwenye huruma peke yake. Mtu mzima ana takribani lita tano za damu. Kijana mwenye afya akianza kuvuja damu ndani ya tumbo, mwili wake huficha hasara: moyo huenda mbio, mishipa ya ngozi hujibana, damu iliyobaki hupelekwa kwenye ubongo na moyo. Presha inaweza kuonekana ya kawaida hadi atakapokuwa amepoteza karibu asilimia 30, yaani lita moja na nusu, kisha huporomoka ghafla. Ndiyo maana mwendesha boda boda aliyegongwa Kihunguro anaweza kusimama, kujipangusa vumbi, kusema yuko sawa, na kukataa kupelekwa popote. Mhudumu aliyefunzwa hatulizwi na maneno hayo. Anashika kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo, anahesabu pumzi, ambazo kwa mtu mzima aliyetulia ni 12 hadi 20 kwa dakika, anagusa ngozi kuona kama ni baridi na yenye jasho, kisha anarudia vipimo hivyo baada ya dakika chache, kwa sababu mwelekeo wa namba husema mengi kuliko namba moja. Mama aliyejifungua naye yuko hivyohivyo. Damu inaweza kumwishia polepole chini ya leso huku kila mtu akimshangilia mtoto.

Pingamizi kubwa kwa haya yote ni hili: kama hospitali iko karibu, kwa nini kupoteza muda barabarani? Mbebe, kimbia, madaktari watajua la kufanya. Pingamizi hili lina ushahidi na halifai kupuuzwa. Katika mji wa Philadelphia, Marekani, polisi huwabeba watu waliopigwa risasi kwenye magari yao bila kungoja ambulensi, na utafiti uliowalinganisha na waliobebwa na wahudumu haukuona kwamba walikufa zaidi. Hata ile kauli maarufu ya saa moja ya dhahabu, yaani kwamba majeruhi afikishwe kwa daktari ndani ya saa moja, iliyoenezwa na daktari wa upasuaji R Adams Cowley, haijathibitishwa kama sheria ya kila jeraha. Tafiti za Marekani Kaskazini zimeshindwa kuonyesha kwamba kila dakika inayookolewa huokoa maisha kwa majeruhi wote. Lakini tuangalie ushahidi huo unasema nini hasa. Risasi ya kifua au tumbo haibanwi kwa mkono. Dawa yake ni kisu cha daktari, na kule Philadelphia daktari huyo yuko karibu na anajulikana alipo. Majeruhi wetu wengi wamegongwa: kichwa, kifua, miguu. Aliyepoteza fahamu akilazwa chali nyuma ya pikapu, au akikunjwa kati ya dereva wa boda boda na msamaria, anaweza kuzibwa na damu yake mwenyewe kabla ya kufika. Kwa hiyo haraka si kosa. Kosa ni haraka isiyojua ni mgonjwa gani wa kukimbizwa, ni nani wa kubanwa damu kwanza, na ni hospitali gani yenye uwezo wa kumpokea. Uamuzi huo nao ni sehemu ya masomo ya mhudumu, sambamba na kupiga simu mbele na kumkabidhi mgonjwa kwa maelezo mafupi yaliyopangika. Oktoba 2015 nchi ilihuzunishwa na majeruhi aliyekaa ndani ya ambulensi kwa saa 18 Nairobi akitafutiwa kitanda. Gari lilikuwepo, mafuta yalikuwepo. Mfumo wa kumpokea haukuwepo.

Wengine husema ujuzi huu ni wa madaktari, na raia akiugusa ataua. Historia inajibu vizuri zaidi yangu. Mwaka 1967, mjini Pittsburgh, wakati wagonjwa walikuwa wakibebwa na polisi au na magari ya kubebea maiti, Daktari Peter Safar alisaidia kuanzisha huduma ya Freedom House. Iliajiri Wamarekani weusi wa mtaa maskini, wengi wao wakiwa hawana kazi, ikawafunza kwa kina, nao wakawa miongoni mwa wahudumu wa kwanza wa kiwango cha juu nchini humo. Karibu zaidi na kwetu, watafiti waliwafunza polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa jijini Kampala huduma ya kwanza ya majeruhi, wakachapisha matokeo mwaka 2009: walielewa, walikumbuka miezi sita baadaye, na waliripoti kuutumia ujuzi huo. Hofu ya kuumiza uti wa mgongo ni ya haki, na ndiyo sababu ya kumfunza mtu. Bila mafunzo, mtu huyohuyo ataendelea kumnyanyua majeruhi kwa mabega na miguu kama alivyozoea. Wala hatuzungumzii kumfanya mwendesha boda boda awe mhudumu kamili. Kuna ngazi. Wa kwanza kufika anabana damu, anafungua njia ya hewa, na moyo ukisimama anabonyeza katikati ya kifua, sentimita tano hadi sita kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ubongo usiopata oksijeni huanza kuharibika ndani ya dakika nne au tano hivi, na hakuna ambulensi, iwe ya Thika au ya London, inayoweza kuahidi kufika kila mara ndani ya muda huo.

Linabaki suala la fedha, ambalo kwa maoni yangu ndilo dhaifu kuliko yote. Glavu, vitambaa safi na mkanda wa kubania mkono au mguu unaovuja damu ni vitu rahisi ukilinganisha na gari moja lenye king'ora, na St John Ambulance, iliyoko Kenya tangu 1928, pamoja na Msalaba Mwekundu, hufundisha huduma ya kwanza. Kilichokosekana ni kuupa ujuzi huu heshima. Wauguzi na matabibu wana sheria na mabaraza yao. Wahudumu wa ambulensi kwa miaka mingi walijisimamia kupitia chama na baraza waliloliunda wenyewe, na mwajiri aliweza kumweka dereva peke yake ndani ya gari na kuliita huduma ya dharura. Hali hiyo haiendani na Katiba ya 2010, ambayo ibara yake ya 43 inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Matibabu hayo hayaanzii kwenye mlango wa hospitali. Yanaanzia kwenye lami.

Kwa hiyo kaunti ya Kiambu inapoleta bajeti ya magari, wawakilishi wa wadi za Ruiru, Juja na Thika waulize majina ya vyeti vya watakaoyahudumia, mara ngapi kwa mwaka watafanyiwa mazoezi upya, na ni steji ngapi za boda boda zimefunzwa. Na wewe unayesoma, kama unafanya kazi kiwandani, kwenye machimbo au kwenye matatu, muulize msimamizi wako wiki hii nani kati yenu amefunzwa kubana damu na kubonyeza kifua. Akikosa jibu, jiandikishe wewe.