Fimbo ya Okinawa kwa Bei ya Bariadi

Mwanafunzi wa karate akifika hatua ya kushika silaha, mwalimu humwambia alete bo, ile fimbo ndefu ya Okinawa. Ukiingia mtandaoni utaiona imechongwa kwa mwaloni mwekundu, inang'aa, na kidole kitakuwasha. Piga hesabu kwanza.

Bo ya kawaida ina shaku sita, yaani sentimita 182. Uzito wake ni kama kilo moja, lakini kampuni za kusafirisha vifurushi kwa ndege hazitazami mizani peke yake. Hupima boksi kwa sentimita, zikazidisha urefu kwa upana kwa kimo, kisha zikagawanya kwa 5,000. Boksi la 185 kwa 8 kwa 8 linatoka na kilo 2.4, kwa hiyo zaidi ya nusu ya unacholipia ni hewa. VAT ya asilimia 18 nayo hutozwa juu ya bei, usafiri na ushuru wa forodha kwa pamoja. Tuseme fimbo ni dola 40 na usafiri dola 60: VAT pekee, hata kabla ya ushuru, ni dola 18. Na hapo mzigo uko Dar es Salaam, bado nauli ya buti la basi hadi Bariadi.

Sasa nenda kwa seremala. Mwombe mbao ya inchi mbili kwa mbili, futi sita na ushee, airande mpaka ibaki duara la sentimita tatu katikati na kupungua kidogo kuelekea ncha zote mbili. Mninga unafaa: ni mgumu, haupindi ovyo. Mpingo ni mzito na ni ghali bure. Msonobari usikubali hata kwa zawadi, maana ukigongana na fimbo nyingine unachanika vibanzi. Kabla ya kulipa, fuata nyuzi za mbao kwa jicho kutoka ncha hadi ncha. Zikikatiza pembeni, au ukiona fundo, hapo ndipo itakapovunjika. Kisha ivingirishe juu ya sakafu ya saruji. Ikirukaruka, imepinda. Mwambie fundi asipake vanishi, kwa kuwa kiganja chenye jasho hung'ang'ania rangi na fimbo haitelezi inapotakiwa kuteleza. Msasa laini na mafuta vinatosha. Mbao ya mninga inunue kwa muuzaji anayetoa risiti, usije ukaingia kwenye mkono wa watu wa misitu.

Kuna njia rahisi zaidi ambayo wengi huipita mnadani bila kuitazama. Fimbo ya mchungaji, hasa ya mkole, ni nyepesi, inanesa na haivunjiki hovyo. Kwa bo ni fupi, lakini jo, fimbo ya aikido, ina sentimita 128 tu. Chagua iliyonyooka, ikate, ipige msasa. Umepata silaha ambayo mabingwa wa Japani waliitumia kuchoma, kupiga na kuzungusha mbele ya mtu mwenye upanga.

Mwaka 1973 mwalimu Nantambu Camara Bomani alianza kufundisha mtindo wa karate wa Goju-ryu Zanaki, Dar es Salaam, na mwaka huohuo ikatoka filamu ya Bruce Lee, Enter the Dragon, ambamo anazungusha nunchaku. Ndiyo maana vijana wengi hutaka kuanza na silaha hiyo. Ni vijiti viwili vya kama sentimita 30 vilivyounganishwa kwa kamba au mnyororo, na kazi yake ni kupiga kwa kasi au kubana mkono wa adui. Mtu wa kwanza kupigwa huwa ni mwanafunzi mwenyewe, kwenye kiwiko au kisogoni. Nunua ya sponji, au funga sponji kwenye vipande vya mpini. Kamba ya nailoni ni bora kuliko mnyororo: ikichakaa unaiona, na kuibadilisha ni bei ya soda.

Kwenye chuma ndipo nisipokushauri kubana matumizi. Sai ina ncha tatu. Haikati, hunasa fimbo, huchoma na kukinga. Fundi wa kuchomelea atakutengenezea kwa nondo, tena haraka, ila uzito hautalingana na pale alipochomelea patakuwa udhaifu wake. Pembe ikikatika katikati ya zoezi, inaruka usoni mwa mwenzako. Hii subiri, ichangieni klabu nzima mnunue jozi moja iliyofuliwa vizuri. Silaha iitwayo kama, ambayo ni mundu, iwe ya mbao mpaka mwalimu aseme vingine.

Kuna gharama nyingine isiyo na risiti. Mkoani Simiyu, ambako walinzi wa jadi wa Sungusungu wamelinda ng'ombe kwa pinde na fimbo tangu miaka ya 1980, mtu mwenye fimbo haulizwi kitu. Mwenye nunchaku kiunoni ataulizwa. Kanuni ya Adhabu inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayetembea na silaha hadharani bila sababu halali na kwa namna ya kutia watu hofu, kwa hiyo silaha zako zibebe ndani ya begi lililofungwa, toka nyumbani moja kwa moja hadi mazoezini.

Kwa mwenye fedha ya silaha moja tu mwaka huu: bo ya mninga, kwa seremala wa Bariadi.