Mshindwa ndiye anayelipa: Biashara ya PlayStation na malezi ya watoto wetu

Tunduma ni mji wa njia. Reli ya TAZARA na barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita hapa kuelekea Nakonde, upande wa Zambia, na kinachouzwa Kariakoo hakichelewi kufika, ijapokuwa safari yenyewe yapita kilomita 900. Miongoni mwa bidhaa zilizoenea kwa njia za namna hiyo katika miji yetu ni mashine ya michezo ya PlayStation, ambayo kwa vijana wengi imekuwa mtaji: kibanda, televisheni, mashine moja au mbili, benchi, na watoto wanaolipa ili wacheze mpira kwenye kioo.

Wazazi wengi huhukumu kibanda hicho kwa haraka. Mmoja huharamisha kila kilichomo, mwingine husema ni utoto tu. Kabla ya hukumu, ni vyema kujua biashara hii ilianzaje na faida yake inatoka wapi.

PlayStation ni tunda la mkataba uliovunjika. Sony ya Japani ilikubaliana na Nintendo kutengeneza mashine itakayotumia diski, lakini mwaka 1991 Nintendo ikageuka na kutangaza kushirikiana na Philips. Sony, kwa msukumo wa mhandisi wake Ken Kutaragi, ikaamua kuingia sokoni peke yake, na tarehe 3 Desemba 1994 mashine yake ya kwanza ikaanza kuuzwa Japani. Ya pili, PlayStation 2, ilitoka Machi 2000. Kwa kuwa iliweza pia kuonyesha filamu za DVD, familia nyingi ziliiona kuwa ni vyombo viwili kwa bei ya kimoja. Mshindani wake Sega alitangaza mapema mwaka 2001 kwamba anaacha kutengeneza mashine za nyumbani. Hadi Sony ilipositisha uzalishaji wake, habari iliyotangazwa Januari 2013, PlayStation 2 zaidi ya milioni 150 zilikuwa zimeuzwa duniani.

Lakini siri ya biashara hii haimo katika mashine. PlayStation 3 ilipoingia sokoni mwaka 2006, ile ya bei ya chini iliuzwa Marekani kwa dola 499, ilhali wachambuzi walioifungua walikadiria kuwa kuitengeneza kuligharimu zaidi ya dola 800. Hakuna mfanyabiashara anayekubali hasara bila hesabu. Mashine huuzwa kwa bei nafuu ili iingie nyumbani. Kisha kila mchezo unaonunuliwa, hata uliotengenezwa na kampuni nyingine, humrudishia mwenye mashine fungu lake. Mashine ni mlango, na faida humngoja mteja ndani.

Mwenye kibanda huku mwisho wa njia naye anafuata hesabu hiyo kwa namna yake. Haiuzi mashine wala mchezo; anauza muda. Kadiri mtoto anavyokaa, ndivyo anavyopata. Katika sheria ya Kiislamu huu ni ukodishaji, yaani ijara, na asili yake ni halali maadamu malipo yanajulikana, muda unajulikana, na kinachochezwa hakina uchafu. Kijana anayejitafutia riziki kwa njia hiyo hastahili kutukanwa.

Tatizo huanza pale inapoingia desturi iliyozoeleka vibandani: mshindwa ndiye anayelipa. Watoto wawili wanakaa, wanacheza, na aliyefungwa analipia muda wa wote wawili. Kwao ni utani na changamoto. Wanazuoni wengi, hata hivyo, wameeleza kuwa hiyo ni sura ya kamari, kwa sababu kila mmoja anaingia mchezoni akiwa ama wa kunufaika ama wa kupoteza mali kwa matokeo ya mchezo. Udogo wa kiasi hauibadilishi hukumu. Suratul Maida, aya ya 90, imeitaja kamari pamoja na ulevi, na aya inayofuata inataja athari zake: uadui baina ya watu, na kuzuiwa na kumkumbuka Mwenyezi Mungu na Swala. Mzazi aliyewahi kuamua ugomvi wa watoto waliotoka kibandani, au aliyemtafuta mwanawe wakati wa Laasiri asimwone msikitini wala madrasa, hahitaji ufafanuzi zaidi.

Wala asidhani aliye na mashine nyumbani kwamba amesalimika. Michezo ya leo imeunganishwa na intaneti, na faida imehamia humo. Katika mchezo wa mpira wa FIFA wa kampuni ya Electronic Arts, mchezaji aliweza kununua vifurushi vya wachezaji kwa fedha halisi bila kujua ndani yake mna nani. Mwaka 2018 mamlaka ya Ubelgiji inayosimamia kamari iliamua kuwa vifurushi vya namna hiyo ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 kampuni hiyo ikaacha kuviuza kwa fedha nchini humo. Ikiwa dola isiyofuata sharia imeona hivyo, sisi tuna udhuru gani wa kunyamaza?

Njia ya kufuata si ngumu. Mzazi akijue kibanda anachokwenda mwanawe, azungumze na mwenyewe kwa heshima, na amwombe mambo matatu: kila mtoto ajilipie, michezo ya matusi na mauaji isiwekwe mbele ya wadogo, na milango ifungwe nyakati za Swala na masomo. Mwenye kibanda Mwislamu atakayekubali hatapungukiwa. Riziki yake itakuwa safi zaidi. Nyumbani, simu yenye fedha isiunganishwe na mchezo wa mtoto, na muda wa kucheza ujulikane kabla mashine haijawashwa. Zaidi ya yote, mtoto aelezwe sababu, kwani anayekatazwa bila kuelezwa hutafuta kibanda cha mbali zaidi.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuwalea watoto wetu katika yaliyo halali. Amin.