Waziri akijibu "nafahamu," swali halijajibiwa

Muhula mmoja, si zamani sana, mwanafunzi wangu alirejea chuoni kutoka mazoezi ya kufundisha akiwa na swali ambalo halikuwemo katika mtaala wangu. Alikuwa amefundisha Kiswahili katika shule ya umma ya mashambani, na kwa majuma kadhaa alikuwa akistaajabu ni kwa nini wasichana fulani hawaonekani darasani kwa siku tatu au nne kila mwezi, na wakirejea hawasemi neno. Alipodadisi aliambiwa kwamba hawana sodo. Shule ilikuwa imeletewa katoni chache tu, nazo ziligawanywa pakiti moja kwa kila msichana kwa muhula mzima. Wengine hawakupata hata hiyo moja. Mwalimu mkuu alisema kwamba yeye hupokea kile anacholetewa. Afisa wa elimu naye akasema kwamba jambo hilo ni la wizara nyingine.

"Basi, Daktari," akaniuliza, "ni nani anayefaa kuulizwa?"

Mimi ni mtu wa isimu, na maswali ni mojawapo ya mambo ninayoyafundisha. Hata hivyo, ilinibidi nimjibu kama raia kwanza. Anayefaa kuulizwa ni waziri. Na kwa kuwa mwalimu wa mazoezi hana namna ya kumsimamisha waziri na kumtaka ajibu, yuko mtu ambaye Katiba imempa kazi hiyo kwa niaba yake, naye ni mbunge. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya afya, elimu, chakula, maji na hifadhi ya jamii. Kifungu cha 27 kinasema kwamba wanawake na wanaume wana haki ya kutendewa kwa usawa. Kifungu cha 153 kinamlazimu waziri kufika mbele ya kamati ya Bunge anapohitajika na kujibu swali lolote kuhusu jambo lililo chini yake. Haki hizo za Kifungu cha 43 na 27 ni maandishi matukufu, lakini maandishi hayajisemei. Ni lazima awepo mtu wa kusimama na kuuliza.

Itakumbukwa kwamba kabla ya uchaguzi wa mwaka 2013 mawaziri wetu walikuwa pia wabunge, na waliketi katika ukumbi uleule na wale waliowahoji. Katiba mpya ikawatoa Bungeni, na kwa takriban miaka kumi maswali yakawa yanaelekezwa kwa kamati. Kanuni za Bunge zilipobadilishwa, mawaziri walianza tena mwaka 2023 kufika ukumbini na kuulizwa maswali ana kwa ana. Wengi waliyapokea mabadiliko hayo kwa furaha. Mimi pia niliyafurahia, ila ningependa kutoa tahadhari moja: kumfikisha waziri ukumbini ni jambo moja, na kumfanya ajibu ni jambo jingine. Jibu hutegemea namna swali lilivyoundwa.

Tuliangalie jambo hili kisarufi. Katika Kiswahili tuna maswali ya aina mbili kuu. Kuna swali la "je," ambalo jibu lake ni ndiyo au la. Kisha kuna swali lenye kiulizi: nani, nini, lini, wapi, ngapi, kwa nini. Swali la kwanza humpa anayeulizwa mlango mpana wa kutokea. La pili humfungia milango yote isipokuwa ule wa jibu lenyewe. Ukimwuliza mtoto, "Je, umesoma?" atasema ndiyo. Ukimwuliza, "Umesoma ukurasa gani?" itambidi aufungue mkoba.

Sasa yeyote aliyewahi kusoma kumbukumbu rasmi za Bunge letu, yaani Hansadi, anaufahamu mtindo uliozoeleka kwa miaka mingi wa kuanza swali kwa kumwuliza waziri iwapo anafahamu jambo fulani. Je, waziri anafahamu kwamba barabara fulani haipitiki? Je, anafahamu kwamba hospitali fulani haina dawa? Aghalabu waziri huinuka na kusema kwamba anafahamu, au kwamba hafahamu. Kwa sarufi, swali limejibiwa kikamilifu. Kwa mgonjwa aliyelala sakafuni, hakuna lililojibiwa. Ni kweli kwamba baada ya kipande hicho cha kwanza huja kipande cha pili kinachouliza ni hatua gani zitakazochukuliwa, lakini nacho mara nyingi hujibiwa kwa maneno mepesi kama "karibuni," "fedha zikipatikana" na "serikali inalishughulikia." Hakuna hata moja kati ya maneno hayo linaloweza kuhesabiwa.

Turejee kwa sodo za mwanafunzi wangu. Mwaka 2017 Bunge lilirekebisha Sheria ya Elimu ya Msingi, na Rais Uhuru Kenyatta akaitia sahihi mwezi wa Juni. Sheria hiyo inaipa serikali jukumu la kumpa kila msichana aliyebaleghe na kusajiliwa katika shule ya umma sodo za bure, za kutosha na zilizo bora, pamoja na njia salama ya kuzitupa. Ninawasihi walimu wenzangu wayatazame maneno hayo kwa jicho la mtu wa lugha. "Kila" ni neno la idadi. "Bure" ni neno la bei. "Za kutosha" ni neno la kiasi. "Bora" ni neno la sifa. Sheria iliyoandikwa hivyo imekwisha kumwandalia mbunge maswali yake. Wasichana waliobaleghe katika shule za umma za kaunti hii ni wangapi? Pakiti zilizofikishwa shuleni muhula uliopita ni ngapi? Pakiti ngapi kwa muhula ndizo wizara inazoziita "za kutosha," na hesabu hiyo ilifanywa na nani? Ni shule zipi zilizokosa, na zitapelekewa lini?

Mtu akiuliza hivyo, waziri hana pa kuponea kwa neno "nafahamu." Akitoa idadi, idadi hiyo itaingia katika Hansadi, na mwalimu mkuu wa shule ile ya mashambani ataweza kuilinganisha na katoni alizozipokea kwa mikono yake. Akikosa idadi, basi taifa zima litajua kwamba wizara inagawa kitu isichokihesabu. Vivyo hivyo kwa wazee wetu. Mnamo 2018 mpango wa Inua Jamii ulipanuliwa ili kila mzee aliyetimu umri wa miaka 70 alipwe Sh2,000 kwa mwezi. Kumwuliza waziri kama anafahamu kwamba wazee wanataabika ni kumwalika atoe pole. Kumwuliza malipo ya mwisho yalikuwa ya mwezi gani, na ya miezi iliyofuata yatatolewa tarehe gani, ni kumkumbusha kwamba ahadi ni deni.

Baada ya namna ya kuuliza, linafuata suala la nani anayeuliza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Bunge la mwaka 1963 halikuwa na mwanamke hata mmoja. Ilitubidi tungoje hadi 1969 ndipo Grace Onyango akachaguliwa mbunge wa Kisumu Mjini, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa Bungeni tangu uhuru. Mwaka 1997 Phoebe Asiyo wa Karachuonyo aliwasilisha hoja ya kuwapa wanawake nafasi zaidi katika uwakilishi, nayo ikaangushwa. Miaka 13 baadaye Katiba ikatamka kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Bunge lilishindwa kutunga sheria ya kulitekeleza agizo hilo, hata Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa.

Uchache huo una athari zake katika mambo yanayoulizwa na yasiyoulizwa. Agosti 2019 Zuleikha Hassan, aliyekuwa Mwakilishi wa Wanawake wa Kwale, alitolewa katika ukumbi wa Bunge kwa kuingia na mtoto wake mchanga. Februari 2023 Gloria Orwoba, wakati huo seneta mteule na mtetezi wa sodo za bure shuleni, aliingia Seneti akiwa amevaa suti nyeupe yenye doa jekundu. Wenzake walilalamika, na Spika Amason Kingi akamtaka atoke akabadili mavazi. Yamkini kila mmoja alikuwa na kanuni yake ya kutajia. Lakini mwalimu anayejua jinsi msichana wa miaka 13 anavyochekwa darasani kwa doa kama lile hawezi kukosa kuuona mfanano.

Atatokea msomaji aseme kwamba sheria ya 2017 ilipitishwa na Bunge ambalo wengi wake walikuwa wanaume, na kwamba mbunge mwanamume pia ana mabinti. Ni kweli, na mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: wanaume hao wanastahili sifa zao. Sisemi kwamba mwanamume hawezi kuuliza. Ninachosema ni kwamba aliyewahi kukosa masomo kwa sababu hiyo huliuliza swali mapema zaidi, naye huuliza juu ya pakiti, choo na maji, si juu ya "maslahi ya mtoto wa kike" kwa ujumla.

La tatu ni lugha yenyewe. Julai 1974 Rais Jomo Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumike katika mijadala ya Bunge, ingawa miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 1979 Kiingereza kikarejeshwa kandokando yake. Leo Kifungu cha 120 cha Katiba kinazitaja lugha rasmi za Bunge kuwa ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha Ishara ya Kenya. Hivyo basi hakuna kanuni inayomzuia mbunge kumhoji waziri kwa lugha ambayo mama wa msichana yule anaielewa anaposikiliza redio akipika. Sitaki nieleweke vibaya. Kiswahili peke yake hakilifanyi swali butu kuwa kali. Nimesikia maswali ya Kiswahili fasaha yasiyouliza chochote. Lakini waziri anapojibu kwa lugha ya wengi, wanaomsahihisha ni wengi.

Haya yote yanatuhusu sisi walimu kwa sababu maswali hufunzwa. Katika madarasa mengi swali ni mali ya mwalimu, na mwanafunzi kazi yake ni kujibu. Mtoto anayelelewa hivyo kwa miaka 12 akija kuwa mbunge atakuwa hodari wa kuhutubia na mchanga wa kuuliza. Akija kuwa mpigakura, atapiga makofi waziri anaposema anafahamu. Tungeweza kuanza na somo dogo tu: kuwapa wanafunzi jibu la serikali lililochapishwa gazetini, kisha kuwauliza ni swali lipi ambalo halijajibiwa. Aidha, tuwafunze kwamba Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni, na kwamba Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Nafasi ya kuuliza haianzi siku ya kupata kiti cha Bunge.

Mwanafunzi wangu aliandika barua kwa mbunge wa eneo ile shule iliko, na akaniletea niisome kabla ya kuituma. Ilikuwa na maswali manne: wasichana wangapi, pakiti ngapi, kwa hesabu ya nani, na lini. Nilibadilisha jambo moja tu. Alikuwa ameanza kwa kuandika, "Je, Mheshimiwa, unafahamu kwamba..." Nikaukata mstari huo.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Na kwa aliyechaguliwa na watu, kutouliza ni kuitelekeza kazi aliyotumwa.